Kidole Gumba cha Mpiga Chapa

Mwanangu Zuhura,

Umetoka baada ya sala ya alasiri kwenda Likoni kumuaga nyanyako, nami najua nina muda mpaka urudi, kwa sababu kivuko ni kivuko, na nyanyako hamwachi mtu aondoke kwake hajala. Nimekaa kitako kwenye meza ya chakula, nimesogeza sahani ya viazi karai kando, nimeshika kalamu. Babako amepita mlangoni, ameniona, amejitia hamnazo. Ajua ninachofanya.

Nakuandikia kwa sababu kinywa changu kimeniponza. Tangu wiki iliyopita, kila nikikifungua mbele yako hutoka ukali, hata nikiwa nimekusudia kukuuliza kama umekunywa chai. Wewe waniamkia kila asubuhi, nami naitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa ya ndimu. Nikikuita waitika abee, kwa sauti ile ile ya siku zote. Hukunikosea adabu hata mara moja. Laiti ungenijibu vibaya, ningepata pa kushikilia.

Kesho asubuhi wapanda treni pale Miritini mpaka Nairobi, kisha mabasi mpaka Lodwar, kwenye hospitali iliyokuajiri uwe nesi wa watoto. Na mimi mamako nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikakwambia, "Ukienda huko, radhi zangu usizitafute." Nimeliandika neno hilo hapa kama lilivyotoka ili usidhani nimelisahau. Sijapata usingizi wa maana tangu siku ile. Kabla karatasi hizi hazijaisha nitakuwa nimelishughulikia, lakini wanijua mwenyewe, mimi siendi mahali bila kuzunguka kwanza. Nivumilie.

Sikuandikii habari ya kuchemsha maji na kufunga mlango. Hayo siku hizi wewe ndiwe wanifundisha mimi. Nataka kukueleza habari ya mashine.

Wajua nafanya kazi Changamwe, kwenye ofisi ya kutuma barua, lakini sidhani umewahi kujua nafanya nini hasa. Watu wenye barua nyingi hutuletea sisi. Tunazikunja, tunazitia kwenye bahasha, tunazipima, kisha tunazipitisha kwenye mashine inayopiga chapa ya posta pale juu kulia, mahali ambapo mtu wa barua moja angebandika stempu. Halafu zapelekwa posta kwa makreti. Shoga zangu hunicheka, ati nani siku hizi anaandika barua. Kweli, za mapenzi zimehamia kwenye simu. Lakini wito wa mkutano, ilani ya wakili, jibu la ombi la kazi, hivyo bado vyataka karatasi na chapa.

Nilipoajiriwa kulikuwa na mashine ya zamani tuliyoiita Bi Kizee. Bi Kizee alikuwa na akili moja tu. Bahasha iwe ndogo, iwe kubwa, iwe nene, iwe imechapishwa nembo ya mwenyewe pale pembeni, yeye apiga chapa pale pale. Ukimpa yenye nembo, aipiga juu ya nembo. Ukimpa nene, chapa yatoka nusu. Kwa hivyo anayemwendesha ilibidi awe na kidole, na mimi nilikuwa nacho, mashallah. Bahasha ikiingia naigusa kwa kidole gumba, kidogo tu, huku ama kule, chapa yakaa palipo wazi. Sikufundishwa na mtu. Wenzangu walijaribu wakashindwa, ikawa kazi ikiwa ngumu naitwa mimi. Sikufichi, nilikuwa na maringo. Nilitembea mle ofisini kama niliijenga.

Kisha ikaja mashine mpya. Hii ina jicho. Bahasha ikiingia, jicho lapita juu yake: ukingo waanzia wapi, imelala sawa ama imepinda, unene wake ni gani, pembeni pana maandishi ama pako wazi. Halafu kichwa cha kuchapia chajisogeza chenyewe mpaka penye nafasi, chapiga. Yote hayo hujamaliza kupepesa. Tuliambiwa kazi yetu ni kuipanga bahasha kwenye trei na kuiacha. Nilisikia, nikaitikia kwa kichwa, na sikusadiki hata neno moja.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa barua za chama kimoja cha ushirika, kuwaita wanachama kwenye mkutano mkuu. Wengi wao ni watu wa mashamba ya huku Kwale na Kilifi, wazee wasiokuwa na habari ya barua pepe. Nilikaa kwenye mashine tangu asubuhi hadi jioni. Makreti yakaenda posta, na kesho yake yakarudi. Chapa nyingine zimekatika ukingoni, nyingine zimeangukia jina la mtu, halisomeki. Posta hawakuzikubali, na ni haki yao. Bwana Chengo, msimamizi wetu, yule mpole wa Kaloleni aliyekuja kwenye maziko ya shangazi yako, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mashine mbovu. Nilisema kwa uhakika ule ule niliokwambia nao kwamba Lodwar si pahali pa mtoto wa kike.

Akaitwa fundi. Nilitarajia mwanamume, akaja msichana wa rika lako, jina lake Akinyi, na kijisanduku cha bisibisi. Nikamwonyesha zilizoharibika, nikamweleza na ubovu uko wapi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ajabu ni kuwa hakuifungua mashine. Aliniomba niendelee na kazi kama kawaida yangu, yeye akasimama kando na kutazama. Baada ya muda nikatambua kwamba haitazami mashine. Anatazama mikono yangu.

"Mama," akasema, "unaisukuma wakati imeshamaliza kuisoma."

Nilimwambia kwamba nilikuwa napiga chapa kabla mamake hajamwota. Hakukasirika. Aliniomba niweke mikono mapajani, bahasha moja tu ipite hivyo, kisha nimtukane nikitaka. Ikapita, chapa ikakaa. Nikatia ya pili imepinda makusudi, nikajikohoza ili asione. Kile kichwa kikasogea, chapa ikakaa sawa sawa, safi. Hapo nilitamani ardhi inifiche. Akinyi akanieleza kwa Kiswahili chake cha bara, polepole, bila kunicheka. Jicho likishaona bahasha iko wapi, mashine imeshapanga chapa ikae wapi. Mimi nikiigusa baada ya hapo, bahasha yahama, na chapa yaanguka pale bahasha ilipokuwa, si pale ilipo. Mwanangu, kidole kilichookoa bahasha za Bi Kizee miaka yote ile, hicho hicho ndicho kilichoziharibu hizi.

Tulirudia kazi yote. Bwana Chengo alikunja mikono ya shati akakaa nasi kutia barua kwenye bahasha mpya, na wazee wa Kwale wakaitwa mkutanoni kwa wakati. Hakunisema, na hilo liliniuma kuliko kusemwa. Nikarudi nyumbani, ukaniuliza mbona nimenuna, nikakwambia mashine ilikuwa mbovu, fundi ameitengeneza. Uongo mtupu. Fundi alinitengeneza mimi.

Lakini hata baada ya kuelewa, mkono ulikataa kuelewa. Nilikaa pale naitazama trei na kidole gumba chacheza chenyewe, kama mguu wa mtu aliyesikia ngoma ya jirani. Mwisho nikakifunga kitambaa, kipande cha leso yangu kuukuu, ili kila kikitaka kwenda kinikumbushe. Nilirudi nacho nyumbani hivyo hivyo. Wewe ulikuwa likizo kutoka chuoni. Ulipokiona tu, ukaleta lile sanduku lako la dawa, ukanikalisha kwenye kiti, ukafungua kitambaa kwa adabu ya nesi aliyeanza kazi jana.

Ukakigeuza kidole, ukakigeuza tena. "Mama, mbona hakuna kidonda?"

Nikakwambia kipo kwa ndani. Ulinitazama sana, nami nikajua umejua kuna jambo. Ulikifunga upya kwa bendeji nyeupe, vizuri kuliko nilivyokifunga mimi, ukafunga fundo upande wa nje lisinikwaruze. Siku zile zote nilikaa kwenye mashine na bendeji yako, na sikusukuma hata bahasha moja.

Ningekomea hapo hadithi ingekuwa nzuri. Shida ni kwamba nilidhani funzo lile lilikuwa la ofisini.

Tazama nilivyokufanya. Ulipotaka kuacha biashara ya hina na shoga yako Mwanasha ukasome sayansi, nilifurahi, lakini shule nikachagua mimi. Ulipokuwa na rafiki nisiyempenda, sikukukataza, la, nilikuwa nikikutuma dukani kila akija. Vidogo vidogo. Nakugusa huku, nakugusa kule. Kakako Hamisi ilimfaa, yeye mwenyewe hutaka aambiwe, mpaka leo anapiga simu kutoka hapo sokoni kuniuliza anunue samaki gani. Nikaona nina kidole cha kulea pia. Watu wakinisifu, watoto wako wamekaa sawa, naitikia alhamdulilahi, na moyoni najisifu mwenyewe.

Wewe ulikwenda Lodwar kwa mazoezi ya chuo, ukarudi mweusi, umekonda, macho yakikung'aa. Usiku ule wa kwanza ulikaa mkekani ukatusimulia. Ulisema juu ya wanawake wanaotembea kutwa na mtoto mgongoni ana homa, wakifika hawaketi mpaka mtoto ashikwe na mtu. Ulisema ulijifunza kuwaamkia kwa lugha yao, ejoka, na kwamba mmoja alicheka ulivyotamka, kisha akakupa mwanawe umshike. Sauti yako ilitetemeka uliposema akakupa mwanawe. Mimi nikakwambia ongeza wali, umekonda. Babako alinitazama. Nilikuwa nimekusikia, Zuhura, wallahi nilisikia kila neno. Nilijua pale pale kwamba mtoto huyu keshapata pake. Nami nikafanya kama sikuona.

Ndipo nikaenda Shanzu. Nilimwendea Bi Saumu, yule anayesimamia zahanati ya wafanyakazi kwenye hoteli, nikampa nakala za vyeti vyako ambazo nilizitoa kwenye kabati yako bila idhini yako. Nikamwambia Zuhura ametaka sana kazi hii. Nikaongeza kwamba waogopa kuja kuomba mwenyewe kwa haya. Haya gani, wewe uliyesimama mbele ya darasa zima la wanaume kueleza habari za uzazi? Bi Saumu akafurahi, akakupigia simu kukupongeza. Wewe ulikuwa hapa hapa, waanika nguo. Nilikuona ukisikiliza, ukamshukuru kwa heshima, ukamwambia utamjulisha. Kisha ukaja jikoni ukanambia neno moja.

"Mama, ungeniuliza."

Kungekuwa na fundi kando angeniambia imeshamaliza kusoma, toa kidole. Hakukuwa na fundi. Nikasema lile neno la radhi.

Usiku wake babako hakunigombeza. Wajua babako, miaka ya kuendesha lori imemfundisha kutopiga honi ovyo. Aliniambia tu kwamba neno lile ni langu, yeye hawezi kuliondoa kwa niaba yangu, na wewe huwezi kuliondoa hata ukifika Lodwar ukatibu watoto wote wa kule. Akageuka ukutani akalala. Nilimchukia kidogo.

Juzi Akinyi alikuja kuihudumia mashine. Kazi ilipoisha nikampa chai, nikamuuliza kwao. Kwao ni mbali, karibu na ziwa. Nikamuuliza mamake alimwachaje aje huku pwani, mahali asipomjua mtu, joto hili, maji haya ya chumvi. Akacheka. Alisema mamake hakutaka hata kidogo, aliambiwa Mombasa huku watu wanarogwa na kwamba mwanawe hatarudi. Alilia stendi ya basi mbele ya watu. Kisha akafuta macho, akampa samaki wa kukaanga wa njiani, akamwombea pale pale utingo akipiga kelele gari lijae. Kumbe Mombasa yetu, hapa nilipozaliwa na ninapopajua kila kichochoro, ndiyo Lodwar ya mama mwingine. Naye alimpa mwanawe radhi pamoja na samaki, ndio mimi nikapata mtu wa kunitengeneza.

Jana nikaenda Shanzu tena. Nimemwambia Bi Saumu kwamba nilimdanganya, kwamba hukuwahi kuitaka kazi ile, nilijitakia mwenyewe. Alinikasirikia, ana haki. Kisha akanipa vyeti vyako, akanambia nikufikishie salamu. Vimo kwenye bahasha ya kaki juu ya begi lako. Nimehakikisha havikukunjika.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi siiogopi Lodwar. Sijui lolote kuhusu Lodwar, niliitumia tu. Ninachoogopa ni kile chumba chako. Naogopa kupita asubuhi na kukuta kitanda kimetandikwa na hakuna wa kumgombeza kwa kuacha taa. Naogopa kwamba utakuwa mtu mzima mahali ambapo siwezi kuona, utaugua nisijue, utafurahi nisijue. Na naona wivu, Mungu anisamehe, kwa yule mama aliyekupa mwanawe umshike, kwa sababu alikuona ulivyo kwa mara moja, na mimi niliyekuzaa nikakwambia ongeza wali.

Sikwambii ufanye nini huko. Ukichoka na kutaka kurudi, rudi, na sitauliza wala sitasema nilisema. Ukitaka kubaki, baki. Ukipata rafiki, mwema kwako ndiye mwema. Mimi nitakupigia simu, na nitakuwa na mengi ya kusema, na baadhi yatakuwa yale yale ya zamani, kwa sababu kichwa changu chaelewa upesi kuliko mkono wangu. Ukinisikia nimeanza, niambie tu, "Mama, mikono mapajani." Nitanuna. Kisha nitaiweka.

Na lile neno nalirudisha. Nalirudisha lote, mbele ya Mola wako na wangu, na nikipata siku nitalirudisha mbele ya watu pia, maana nililisema kwa sauti na jirani alisikia. Nimekuwia radhi, Zuhura. Nimekuwia radhi kwa safari hii na kwa kazi hii na kwa kuichagua mwenyewe. Radhi zangu hukuzikosa hata siku ile. Nilikuwa nimezishikilia tu mkononi, nikitaka uje uzifuate pale nilipotaka mimi usimame.

Nasikia geti. Ni wewe, namsikia jirani akikuuliza nyanya hajambo. Nitaikunja hii niitie kwenye begi katikati ya madera yako, uikute ukishafika. Bahasha nimeipata, lakini chapa haina, naituma kwa mkono wako mwenyewe.

Ila kabla hujaisoma, asubuhi kizingitini, nitakuwekea mkono kichwani na kukuombea kama nyanyako alivyonifanyia mimi. Mkono wangu utautambua, ni huu huu. Utaona kidole gumba nimekifunga kile kitambaa cha leso. Natumai hutakifungua kutafuta kidonda. Utainama tu mwanangu, nikuombee, kisha uende zako.

Mamako.